Siku moja ya wawili Bagamoyo: Kutoka magofu ya Kaole hadi Makurunge

WANANDOA na wachumba wa Dar es Salaam wanaotafuta siku ya mapumziko nje ya jiji huwa na njia mbili kubwa mbele yao. Ya kwanza ni boti ya kwenda Zanzibar, safari ambayo wengi huilalia usiku mmoja au zaidi. Ya pili ni barabara ya kaskazini, yapata kilometa 70, inayofika katika mji mkongwe wa Bagamoyo, kisha ikavuka Mto Ruvu na kuingia Makurunge.

Wengi wanaoichagua njia ya pili huishia ufukweni. Hufika saa tano asubuhi, huagiza samaki, huogelea, hupiga picha chini ya minazi na kurejea jijini kabla ya giza. Hakuna ubaya katika hilo, kwani bahari ni ya wote. Hata hivyo, mambo yaliyoifanya Bagamoyo ijulikane duniani hayaonekani kutoka kwenye kiti cha hotelini. Baadhi ya mambo hayo yanawahusu watu waliokuja wawili wawili kama wao: waliozikwa pamoja, waliobeba mizigo pamoja, na waliopata kwa mara ya kwanza ruhusa ya kuitwa mume na mke.

Siku moja inatosha kuyaona, ilimradi ipangwe vizuri.

Kalenda ya maji

Jambo la kwanza la kuangalia ni mwezi. Katika mwambao huu bahari hujaa na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku huchelewa kwa karibu dakika 50 ikilinganishwa na siku iliyotangulia. Siku za bamvua, yaani mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, maji hupwa sana kuanzia saa nne asubuhi na kujaa kabisa karibu na saa kumi jioni. Siku za maji mafu, yaani mwezi ukiwa nusu, mambo hugeuka: maji hujaa asubuhi na kupwa jioni, lakini tofauti kati ya kujaa na kupwa ni ndogo.

Hesabu hiyo huamua utaratibu mzima wa siku. Mkondo wa Ruvu, wenye mikoko na viboko, hupitika kwa raha maji yakiwa yamejaa. Kinyume chake, fungu la mchanga la Mwambakuni, lililo baharini mbele ya mji, hujitokeza maji yakipwa na kuzama yakijaa. Wageni hupelekwa huko kwa mashua kuogelea na kutazama samaki wa matumbawe. Kwa muda wa saa chache huwa ni kisiwa kidogo kisicho na mti wala nyumba.

Kwa hiyo, wawili wanaokwenda siku ya bamvua wanaweza kuchagua asubuhi ya Mwambakuni au ya magofu, na jioni ya mtoni. Wanaokwenda siku ya maji mafu ni heri waanze na mto na kumalizia na mji.

Majira nayo yana neno. Masika, kuanzia Machi hadi Mei, huharibu njia za udongo za upande wa kaskazini. Kusi, upepo unaovuma kuanzia Aprili hadi Septemba, huichafua bahari na kufanya safari ya mashua ndogo kuwa ya misukosuko. Mabaharia wengi huiona bahari tulivu zaidi katika vipindi vya mpito kati ya pepo hizo mbili.

Kaole, bandari iliyoachwa na bahari

Magofu ya Kaole yapo yapata kilometa tano kusini mwa mji. Hapo pana mabaki ya misikiti miwili na makaburi zaidi ya 20, yaliyojengwa kwa matumbawe na chokaa. Msikiti mkongwe zaidi unakadiriwa kuwa wa karne ya 13. Baadhi ya makaburi yana nguzo ndefu za mawe, mtindo wa kuwaheshimu wakubwa ambao unaonekana pia katika miji mingine ya kale ya Waswahili, kuanzia pwani ya Kenya hadi Kilwa. Mwaka 1958, mwanaakiolojia Neville Chittick alifanya uchimbaji katika eneo hilo, na vyombo vya kauri kutoka China ni miongoni mwa vitu vilivyopatikana Kaole.

Mgeni anayesimama katikati ya magofu huweza kushangaa kwamba haioni bahari. Kati ya msikiti na maji pana msitu wa mikoko. Tope lilijaa taratibu, mikoko ikaota juu yake, na bandari ikakosa kina. Biashara ikahamia kaskazini, mahali penye ufukwe ulio wazi, ambapo ndipo Bagamoyo ya leo ilipo. Hata hivyo, Kaole haikufa mara moja. Mwaka 1857, Richard Burton na John Speke walianzia hapo safari yao ya bara iliyowafikisha Ziwa Tanganyika.

Kati ya makaburi hayo, limo moja ambalo waongoza wageni hawakosi kulionyesha kwa wanandoa. Wanasimulia kuwa ni la mume na mke waliofia baharini, wakakutwa wameshikana na kuzikwa pamoja. Hakuna maandishi yanayothibitisha masimulizi hayo, na hayana budi kupokewa kama masimulizi. Lakini yamedumu, na wageni huondoka wakiwa wameyakumbuka kuliko tarehe za misikiti.

Kaole si magofu tu kwa wenyeji. Wapo wanaofika hapo kusoma dua, hasa katika kaburi linalojulikana kuwa ni la Sharifa. Anayeingia katika eneo hilo anatakiwa kuvaa kwa staha, kutokaa wala kupanda juu ya makaburi, na kutoa nafasi kwa aliyekuja kuomba.

Mji wa misafara

Kutoka Kaole, wawili hao watarudi mjini na kutembea kwa miguu. Mji Mkongwe ni mdogo, na saa mbili zinatosha kuuzunguka: Ngome Kongwe iliyojengwa mnamo mwaka 1860, Boma la Wajerumani la mwaka 1897, nyumba ya forodha ya mwaka 1895 iliyoelekea bahari, makaburi ya Wajerumani, na nyumba zenye milango ya nakshi, nyingine imara na nyingine zimebaki kuta. Boma lenyewe liliporomoka kwa sehemu katika mvua kubwa za El Niño za mwaka 1997 na 1998, jambo lililoonyesha jinsi chokaa na matumbawe visivyovumilia kupuuzwa.

Bagamoyo ilikuwa makao makuu ya utawala wa Wajerumani hadi mwaka 1891, serikali hiyo ilipohamia Dar es Salaam. Kabla ya hapo, wenyeji wa pwani walipambana na Wajerumani katika vita vya mwaka 1888 na 1889 vilivyoongozwa na Abushiri bin Salim, ambaye alinyongwa Pangani mnamo Desemba 15, 1889. Siku chache kabla ya hapo, Desemba 4, Bagamoyo ilikuwa katika karamu ya kumpokea Henry Morton Stanley aliyekuwa amerejea kutoka bara na Emin Pasha. Usiku huo Emin alianguka kutoka ghorofani na kuumia vibaya.

Kituo muhimu zaidi mjini ni Caravanserai, mahali panapokumbukwa kuwa pa kupokelea misafara. Katika karne ya 19, maelfu ya wapagazi, wengi wao Wanyamwezi na Wasukuma, waliteremka kila mwaka kutoka Tabora na kwingineko wakiwa wamebeba pembe za ndovu, na kupanda tena na vitambaa, shanga na waya. Safari kutoka pwani hadi Ujiji ilikuwa ya zaidi ya kilometa 1,000 kwa miguu, na ilichukua miezi.

Wapagazi hao wengi hawakuwa watumwa. Walikuwa watu huru waliopatana ujira, na ambao waliweza kugoma au kuutoroka msafara pale mapatano yalipovunjwa. Wengi walisafiri na wake zao. Wanawake hao walipika, walibeba mizigo ya kambi, na wakati mwingine walibeba bidhaa zao wenyewe za kuuza. Historia ya misafara iliyoandikwa na Wazungu imewataja kwa uchache, ilhali bila wao kambi isingekula.

Watumwa nao walipita Bagamoyo, wakavushwa kwenda Zanzibar, hata kama bandari kubwa ya biashara hiyo katika pwani hii ilikuwa Kilwa. Hapo ndipo unapoingia mjadala wa jina la mji. Jina hilo kwa kawaida huelezwa kuwa limetokana na maneno "bwaga moyo". Wapo wanaosema ni kilio cha mtumwa aliyeacha moyo wake bara kabla ya kupandishwa jahazini. Wapo wanaosema ni furaha ya mpagazi aliyefika mwisho wa safari, akatua mzigo na kutuliza moyo. Watafiti wengi wa historia ya mji huu huelekea kwenye maana ya pili. Hata hivyo, maana zote mbili zilipita katika mtaa mmoja, na anayetembea hapo leo kwa starehe hana sababu ya kuisahau mojawapo. Ni kwa ajili ya historia hiyo kwamba Tanzania iliiweka njia kuu ya biashara ya watumwa na pembe katika orodha yake ya awali ya UNESCO mwaka 2006.

Misheni na ndoa za walioachwa huru

Kaskazini kidogo mwa mji ipo Misheni ya Kanisa Katoliki, iliyoanzishwa mwaka 1868 na mapadri wa Shirika la Roho Mtakatifu wakiongozwa na Padri Antoine Horner. Msalaba uliopo ufukweni ni kumbukumbu ya ujio huo. Ndani ya eneo la misheni kuna kanisa la zamani lenye mnara, kanisa kubwa lililojengwa kati ya mwaka 1910 na 1914, mbuyu maarufu, na makumbusho yaliyomo katika nyumba ya zamani ya masista.

Ni katika makumbusho hayo ambapo wanandoa wanapaswa kutumia muda mrefu zaidi. Mapadri waliwanunua watumwa, wengi wao watoto, na kuwapokea wengine waliokombolewa. Watoto hao walilelewa, wakafundishwa dini, kilimo na ufundi. Walipofikia umri wa kuoa na kuolewa walifungishwa ndoa, na kila jozi ikapewa nyumba na kipande cha ardhi katika kijiji kilichokuwa ndani ya misheni. Sehemu ya juma walifanya kazi katika mashamba ya misheni, na sehemu iliyobaki ilikuwa yao.

Uhuru huo ulikuwa na masharti. Nidhamu ilikuwa kali, mapadri walikuwa na sauti katika kuamua nani aoane na nani, na wapo walioondoka kwa kutoridhika. Lakini ni vyema kukumbuka walikotoka. Mtumwa hakuwa na mume wala mke kwa haki. Aliyempenda aliweza kuuzwa kesho yake. Cheti cha ndoa katika kijiji kile kilikuwa na uzito ambao wachumba wa leo si rahisi waupime. Baadaye baadhi ya wanandoa hao walitumwa bara kuanzisha vituo vipya, kikiwemo cha Mhonda kilichofunguliwa mwaka 1877.

Mnara wa kanisa la zamani unafahamika kwa jina la Livingstone. David Livingstone alifariki Mei 1, 1873 katika kijiji cha Chitambo, nchini Zambia ya sasa. Wafuasi wake, wakiwemo Abdullah Susi na James Chuma, waliuzika moyo wake huko, wakaukausha mwili na kuubeba kwa miguu kwa miezi kadhaa hadi Bagamoyo, walikofika Februari 1874. Mwili ulilazwa hapo kabla ya kuvushwa Zanzibar na kupelekwa Uingereza, ulikozikwa Aprili 18, 1874. Waliobeba mzigo huo walilipwa ujira wao na kuachwa pwani. Mmoja tu kati yao, Jacob Wainwright, ndiye aliyesafiri na jeneza.

Chakula na adabu za mji

Mchana ni wakati wa kula. Soko la samaki lililopo ufukweni huchangamka madau na ngalawa zinaporudi, na samaki, pweza na ngisi hukaangwa palepale. Migahawa ya mjini hutoa wali wa nazi, samaki wa kupaka, mihogo na maharage. Madafu hupatikana karibu kila kona.

Bagamoyo ni mji wa Waislamu wengi na wa wazee wanaothamini salamu. Vazi la kuogelea lina mahali pake, nalo ni ufukwe wa hoteli. Mjini, kanga au kitenge juu ya nguo fupi huondoa manung'uniko. Mzee hupewa shikamoo kabla ya kuulizwa njia. Mvuvi anayevuta nyavu au mama anayekaanga samaki huombwa ruhusa kwanza kabla ya kupigwa picha.

Aidha, mji huu ni wa sanaa. Chuo cha Sanaa kilichoanzishwa mwaka 1981, ambacho tangu mwaka 2007 ni Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo, TaSUBa, kimewatoa wanamuziki, wachoraji na waigizaji wengi, na tamasha lake la kila mwaka huujaza mji. Anayepita siku ya kawaida huweza kusikia ngoma za wanafunzi wakiwa mazoezini.

Mto Ruvu na mikoko yake

Kaskazini mwa mji, Ruvu unaingia baharini. Mto huu, ambao wasafiri wa karne ya 19 waliuita Kingani, huanzia katika milima ya Uluguru. Kabla ya kufika mdomoni, maji yake huvutwa katika mitambo ya Ruvu Juu na Ruvu Chini kwa ajili ya Dar es Salaam. Mtambo wa Ruvu Chini uliopo wilayani Bagamoyo ulipanuliwa katika miaka ya 2010 hadi kufikia uwezo wa lita milioni 270 kwa siku. Wanandoa kutoka jijini wanapoutazama mto huu, kwa sehemu kubwa wanayatazama maji ya bomba la nyumbani kwao.

Safari ya mashua huanzia baharini au kwenye gati la mtoni na kupanda taratibu kati ya kuta za mikoko. Anayeongozwa na mwenyeji atajifunza kwamba mikoko si mti mmoja. Upo mkoko wenyewe wenye mizizi ya kupinda kama miguu ya buibui, upo mchu unaochomoza mizizi myembamba kutoka kwenye tope, upo mkandaa ambao gome lake lilitumika kutia rangi, na upo mlilana unaopenda ukingo wa maji. Boriti za mikoko ndizo zilizobeba dari za nyumba nyingi katika Mji Mkongwe, na kwa karne nyingi zilisafirishwa kwa majahazi hadi Uarabuni.

Leo msitu huo unalindwa kisheria, lakini ukataji wa kuni na nguzo, pamoja na upanuzi wa mashamba ya chumvi, umeacha mapengo yanayoonekana wazi. Mikoko ni mahali pa kukulia kamba na samaki wadogo, na ndiyo inayozuia kingo zisiliwe na mawimbi. Kila mti unaokatwa hupunguza kitoweo cha soko lile lile walilokula mchana.

Ndege ni wengi: korongo, mdiria na tai mla samaki. Viboko huonekana mara nyingi, na mamba wapo. Kwa sababu hiyo, mashua inapaswa kuwa na injini, nahodha anayeujua mto, na jaketi la kuokolea kwa kila abiria. Kuogelea mtoni hairuhusiwi kwa akili ya kawaida, hata kama maji yanaonekana kutulia. Mapatano ya bei na muda hufanywa kabla ya kupanda.

Makurunge, mahali njia zinapoachana

Barabara ya lami ya Bagamoyo kwenda Msata, yenye urefu wa kilometa 64, huvuka Ruvu na kuingia kata ya Makurunge. Hapa hakuna magofu wala hoteli kubwa. Kuna nyumba za udongo na za matofali, mashamba ya mihogo, mikorosho, mifugo, na upande wa kaskazini ardhi tambarare iliyokuwa Ranchi ya Zanzibar Bagamoyo, maarufu kama Razaba, iliyoanzishwa katika miaka ya 1970 ili kuipatia Zanzibar nyama. Ranchi hiyo ilisimama kufanya kazi katika miaka ya 1990. Ardhi yake baadaye ilipangiwa mradi mkubwa wa miwa wa wawekezaji kutoka Sweden, ambao Serikali iliusitisha mwaka 2016. Miwa inayoonekana huko sasa ni ya kampuni ya Bagamoyo Sugar, ambayo kiwanda chake kilianza uzalishaji mwaka 2022.

Ni hapa Makurunge ambapo njia ya Saadani, Pangani na Tanga huchepuka. Hifadhi ya Taifa ya Saadani, iliyotangazwa mwaka 2005, ni maarufu kwa kuwa hifadhi ya wanyamapori inayogusa Bahari ya Hindi, ambako tembo, simba na twiga huishi karibu na fukwe wanakotaga kasa. Wanandoa wengi hushawishika kuiunganisha katika siku hiyo hiyo. Ushauri ni kutofanya hivyo. Saadani inadai siku yake na usiku wake, na sehemu kubwa ya njia hiyo kwa miaka mingi imekuwa ya udongo, isiyopitika kirahisi wakati wa masika, huku ujenzi wa lami ukifanywa kwa awamu.

Kilicho bora ni kusimama Makurunge yenyewe kabla jua halijatua. Vibanda vya kando ya barabara huuza ndizi, mihogo, mkaa na korosho kwa misimu yake. Anayenunua korosho au ndizi hapo anaacha fedha mikononi mwa mkulima, na anayeuacha mkaa anaipa mikoko na misitu ya jirani nafasi ya kupumua.

Misafara ya kwenda bara ilipouacha mji ilivuka mto huu huu, na pwani ikawa nyuma yake. Wapagazi wengi walikuwa na wake zao ubavuni. Mbele yao ilikuwa miezi ya kutembea. Kwa wawili wa leo iliyobaki ni safari ya saa chache kurudi Dar es Salaam, na mabasi ya jioni huanza kupungua mapema. Ni vyema wawe wamefika kituoni kabla ya saa kumi na mbili.